Nani Huchagua Kitufe? Historia Fupi ya Njia za Mkato za Kibodi na Nafasi ya Kiswahili

0. Utangulizi

Katibu aliyezoea programu ya Microsoft Word katika Kifaransa, akitaka kukoza neno, hushikilia kitufe cha Ctrl na kubonyeza G. Herufi hiyo ni mwanzo wa neno gras. Akiketi mbele ya kompyuta ya mwenzake aliyerudi kutoka masomoni Dar es Salaam au Nairobi, ambayo programu yake iko katika Kiingereza, na kubonyeza vitufe vile vile, neno halikozwi; hufunguka kidirisha kinachomwuliza anataka kwenda ukurasa gani. Na lau programu ingekuwa katika Kihispania, vitufe hivyo vingehifadhi faili, kwa kuwa huko G ni ya neno guardar. Programu ni ile ile, kidole ni kile kile. Kilichobadilika ni lugha.

Makala haya yanachunguza historia ya jambo hilo ambalo wengi wetu hulitenda mara mia kwa siku bila kuliwaza. Tunaita njia ya mkato ya kibodi ule mchanganyiko wa vitufe unaotimiza amri bila kupitia menyu wala kipanya. Programu nyingi humruhusu mtumiaji kujiundia njia za mkato zake mwenyewe. Aghalabu ruhusa hiyo huonekana kuwa starehe ya mafundi. Sisi tunaona kwamba ni suala la lugha, na kwa hiyo linazihusu idara zinazofundisha na kuchunguza lugha.

Maswali yetu ni mawili. Nani aliamua kwamba herufi fulani itimize amri fulani, na aliamua kwa kufuata lugha gani na kibodi gani? Na mtumiaji wa Kiswahili hapa Kongo, ambaye kibodi yake ni AZERTY na ambaye menyu zake ziko katika Kifaransa, ana nafasi gani ya kuamua? Tutaonyesha kwamba tangu mwanzo kumekuwa na haja mbili zinazovutana: haja ya kila mtu kupanga zana yake apendavyo, na haja ya watu wengi kutumia zana moja pamoja. Tutaonyesha pia kwamba mwaka 1976 ulipatikana upatanisho ambao hata leo unatufaa.

1. Asili ya kitufe cha Control

Kitufe cha Control hakikuzaliwa pamoja na kompyuta za mezani. Kilitoka katika mashine za kupeleka habari kwa waya. Mwaka 1963 Wamarekani walikubaliana juu ya mfumo wa namba uitwao ASCII, ambamo kila herufi ina namba yake: A kubwa ni 65, B ni 66, na kuendelea. Namba 0 hadi 31 hazikupewa herufi; zilitengwa kwa ajili ya kuiamrisha mashine yenyewe. Mtu aliyeshikilia Control na kubonyeza herufi aliiondolea herufi hiyo 64. Hivyo Control na G, ambayo ni 71, ilitoa 7, na 7 ilikuwa amri ya kupiga kengele upande wa pili wa waya. Control na S ilitoa 19, yaani amri ya kusimamisha mtiririko wa maandishi. Control na Q ilitoa 17, amri ya kuuendeleza.

Ni vema kulitia maanani jambo hili. Hapo mwanzo G haikuwa kifupi cha neno lolote, wala S haikuwa na uhusiano na neno la Kiingereza la kuhifadhi. Yalikuwa matokeo ya hesabu ya kutoa. Watu walikuja kuzifasiri herufi hizo baadaye, kama vile watu wanavyotafuta maana ya jina la kijiji baada ya waliolitoa kufariki. Desturi ya zamani haijafutika: hata leo, katika dirisha la amri la kompyuta nyingi zenye mfumo wa Linux, Ctrl na S husimamisha maandishi badala ya kuhifadhi faili, na mgeni hudhani kwamba mashine imekufa.

2. Uhuru na vurugu: maabara ya MIT, 1972 hadi 1976

Njia za mkato za kujiundia, kwa maana tunayoijua leo, zilikomaa katika Maabara ya Akili Bandia ya chuo cha MIT nchini Marekani. Wataalamu wa hapo walitumia programu ya kuhariri matini iliyoitwa TECO, ambayo Dan Murphy alikuwa ameianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1960. TECO ilikuwa zana yenye nguvu lakini ngumu. Mtumiaji hakuandika moja kwa moja juu ya matini. Alitunga mfuatano wa amri, kisha akaitimiza yote pamoja.

Mwaka 1972 Carl Mikkelsen aliiongezea TECO namna ya kuonyesha matini kwenye skrini na kuibadilisha papo hapo. Baadaye Richard Stallman akaongeza jambo lililogeuza kila kitu: mtumiaji aliweza kuchukua kitufe chochote na kukipa amri ndefu aliyoitunga mwenyewe. Amri ya aina hiyo iliitwa makro. Kuanzia hapo kitufe hakikuwa tena na maana iliyowekwa na mtengenezaji. Maana yake ilikuwa ile ambayo mwenye kukitumia amekipa.

Matokeo yake yatawashangaza wachache miongoni mwa wanaisimu. Kila mtu alijitungia mkusanyo wake wa vitufe, kila mkusanyo ukapata wafuasi, na baada ya miaka michache maabara moja ilikuwa na lahaja nyingi. Mtu aliyeketi mbele ya terminali ya mwenzake hakuweza kuandika hata sentensi moja, kwa kuwa kitufe kilichosogeza mstari kwake kilifuta mstari kwa mwenzake. Uhuru wa kila mmoja ulikuwa umewanyima wote uwezo wa kusaidiana.

Guy Steele ndiye aliyeanza, pamoja na David Moon, kukusanya makro hizo zilizotawanyika na kuzipanga katika mkusanyo mmoja. Stallman aliikamilisha kazi hiyo, na mwaka 1976 ikapatikana programu iliyoitwa Emacs, jina linalotokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya makro za kuhariri. Vitufe vya msingi vikawa vimoja kwa wote. Lakini Emacs haikuufuta uhuru. Kila mtumiaji alibaki na haki ya kubadili kitufe chochote kwa ajili yake mwenyewe.

Katika GNU Emacs, iliyotoka mwaka 1985, upatanisho huo umewekwa wazi zaidi. Mtumiaji huandika mabadiliko yake katika faili lake la nyumbani, na faili hilo halimgusi mtu mwingine. Zaidi ya hayo, kuna desturi iliyoandikwa kwamba Control na C ikifuatwa na herufi ni mali ya mtumiaji. Waandishi wa programu nyongeza wanatakiwa wasiiguse. Ni kama kijiji kinachogawa ardhi yake: kuna barabara ya wote ambayo hakuna anayeruhusiwa kuilima, na kuna kiwanja cha kila nyumba ambacho hakuna anayeruhusiwa kukiingilia. Tunaomba msomaji aikumbuke picha hii, kwa kuwa tutairudia.

3. Vidole, si maneno: vi na WordStar

Si kila njia ya mkato ilichaguliwa kwa herufi ya kwanza ya neno. Nyingine zilichaguliwa kwa mahali zilipo herufi kwenye kibodi. Bill Joy alipoandika programu ya vi katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley mwaka 1976, alitumia terminali ya aina ya ADM-3A. Terminali hiyo haikuwa na vitufe vya mishale. Mishale ilikuwa imechorwa juu ya herufi H, J, K na L. Joy alizitumia herufi hizo nne kusogeza kasa, yaani ile alama inayoonyesha mahali pa kuandika. Terminali za aina hiyo zimekwisha toweka katika ofisi, lakini watumiaji wa vi na vizazi vyake wangali wakisogea kwa H, J, K na L.

Mfano ulio wazi zaidi ni WordStar, iliyotolewa mwaka 1978 na kampuni ya MicroPro, na ambayo mwandishi wake alikuwa Rob Barnaby. Kibodi nyingi za wakati huo nazo zilikosa mishale. Barnaby aliziteua herufi nne zinazozunguka mkono wa kushoto: Ctrl na E kwa juu, X kwa chini, S kwa kushoto, D kwa kulia. Pembeni aliweka hatua ndefu zaidi: A, iliyo kushoto kwa S, ilirudi neno zima, na F, iliyo kulia kwa D, ilisonga mbele neno zima. W, iliyo safu ya juu, ilitelezesha matini upande mmoja kwa mstari mmoja; Z, iliyo safu ya chini, iliitelezesha upande wa pili. Hapakuwa na neno la kukariri. Mkono ulijua wenyewe.

Lakini mkono huo ulijua kibodi gani? Mpangilio wa QWERTY ulitokana na mashine ya kuchapia ya Christopher Latham Sholes, iliyouzwa na Remington kuanzia mwaka 1874. Ufaransa na Ubelgiji zilifuata AZERTY, na kwa njia ya utawala wa Kibelgiji AZERTY ikafika kwetu. Kati ya mipangilio hiyo miwili, A na Q zimebadilishana mahali, na vilevile Z na W. Tukiiweka ramani ya WordStar juu ya AZERTY tunaona jambo la ajabu. E, S, D na X zinabaki mahali pake, hivyo msalaba wa katikati ni mzima. Lakini A imepanda safu ya juu na haiko tena jirani ya S, na Z imekwenda juu ilhali W imeshuka chini, hivyo kitufe cha juu kinatenda kazi ya chini na cha chini kinatenda kazi ya juu. Mfumo uliokuwa dhahiri kwa mkono wa Mmarekani unakuwa kwetu orodha ya kukariri tu.

Hapa ndipo tunapoona kwa mara ya kwanza faida halisi ya kujiundia njia za mkato. Faida hiyo si kuongeza kasi peke yake. Ni kuirudishia zana mantiki iliyopotea njiani ilipokuwa ikisafirishwa kutoka nchi moja hadi nyingine.

4. Usanifishaji: kutoka Lisa hadi Windows

Kompyuta za mezani zilipoenea, wauzaji hawakutaka kila programu iwe na lahaja yake. Hatua kubwa ilichukuliwa na kampuni ya Apple. Larry Tesler, aliyekuwa amefanya kazi ya kukata na kubandika matini katika maabara ya Xerox huko Palo Alto katikati ya miaka ya 1970, alihamia Apple na kushiriki katika kompyuta iliyoitwa Lisa, iliyotoka mwaka 1983. Yeye ndiye aliyeteua herufi nne ambazo leo ulimwengu mzima unazijua: Z kwa kutendua, X kwa kukata, C kwa kunakili, V kwa kubandika.

Sababu alizozieleza zinastahili kutazamwa. C ni mwanzo wa neno la Kiingereza copy. X inafanana na alama ya kufuta kwa kukatiza mistari. V inafanana na ile alama ya kuchomeka neno katika matini, ikiwa imegeuzwa kichwa chini. Na zote nne ziko jirani, upande wa kushoto wa safu ya chini, karibu na kitufe cha kushikilia, ili mkono wa kulia ubaki kwenye kipanya. Kwa hiyo katika herufi nne, moja tu ilitokana na neno. Hata Kiingereza chenyewe hakikutosha: kukata na kunakili katika lugha hiyo huanza kwa C, na kubandika na kuchapisha huanza kwa P.

Ujirani huo wa herufi nne unavunjika kwenye AZERTY. X, C na V zinabaki pamoja, lakini Z imepanda juu, na mahali pake pamekaliwa na W. Mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu anayetaka kutendua kosa lake hupeleka kidole mahali ambapo Tesler hakukusudia. Hajui kwamba kuna mpangilio aliounyimwa, kwa sababu hakuwahi kuuona.

Macintosh ya mwaka 1984 iliziendeleza herufi hizo. Kitufe chake cha kushikilia kilipewa alama ya kitanzi cha pembe nne, ⌘, ambayo Susan Kare aliipata katika kitabu cha alama. Huko Uswidi alama hiyo huonyesha mahali panapostahili kutembelewa. Kampuni ya IBM, kwa upande wake, ilitoa kanuni zake mwaka 1987. Humo kukata kulikuwa Shift na Delete, kunakili Ctrl na Insert, kubandika Shift na Insert. Windows ilifuata kanuni za IBM kwa muda, kisha Windows 3.1 ya mwaka 1992 ikazipokea X, C na V. Zile za IBM hazikufutwa. Msomaji anaweza kujaribu: katika programu nyingi za Windows, Shift na Insert hubandika hadi leo.

Wanafunzi wa Kiswahili hawatakosa kuona mfanano. Mwaka 1928, mjini Mombasa, lahaja ya Kiunguja iliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne zilizokuwa chini ya Waingereza: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Wasemaji wa Kiswahili wa Kongo hawakuwa na kiti. Hata hivyo usanifu huo umetupa lugha ya kuandikiana na wenzetu wa mashariki, na makala haya yenyewe ni ushahidi. Hatuulaumu usanifu kwa kuwepo kwake. Tunauliza tu nani alikuwapo ulipoamuliwa, na umemwachia nafasi gani asiyekuwapo.

5. Mlango kufunguliwa tena

Nafasi hiyo haikufungwa kabisa. WordPerfect 5.1, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo ilitawala maofisi mengi ulimwenguni, iliendeshwa kwa vitufe vya F1 hadi F12. F3 ilikuwa msaada na F7 ilikuwa kutoka. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kukariri yote, watu waliweka juu ya kibodi kipande kilichochapwa amri kwa rangi: nyekundu kwa Ctrl, kijani kwa Shift, buluu kwa Alt, nyeusi kwa kitufe peke yake. Lakini programu hiyo hiyo ilimruhusu mtumiaji kutunga mpangilio mzima wa kibodi yake na kuuhifadhi kwa jina, na ilikuwa na herufi na alama zaidi ya 1,500. Kwa mwanaisimu wa wakati ule hii ilikuwa neema.

Katika Macintosh, watu waliothubutu walitumia programu ya ResEdit kuingia ndani ya menyu za programu na kubadili herufi iliyoandikwa kando ya amri. Microsoft Word nayo ina kidirisha ambamo amri yoyote, alama yoyote au makro yoyote hupewa vitufe. LibreOffice ina kidirisha cha namna hiyo hiyo. Katika Windows, programu ya bure ya AutoHotkey, iliyoanzishwa na Chris Mallett mwaka 2003, humwezesha mtu kuunda njia za mkato zinazofanya kazi katika programu zote kwa pamoja. Mfumo wa Macintosh wa leo humruhusu mtumiaji kuipa amri yoyote ya menyu njia ya mkato, mradi aliandike jina la amri hiyo jinsi lilivyo katika menyu, bila kukosea hata nukta. Kwa hiyo akibadilisha lugha ya menyu, jina halifanani tena, na njia yake hupotea. Hapo tena lugha inajitokeza kama msingi wa jambo lote.

6. Kiswahili mbele ya kibodi

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na baadaye Microsoft nayo ikatoa tafsiri yake ya Kiswahili. Istilahi kama kata, nakili, bandika, tendua na hifadhi zikapata makazi kwenye skrini. Je, hatua inayofuata si kuzipa amri hizo herufi za Kiswahili, H kwa hifadhi, B kwa bandika? Kuna wanaolipenda wazo hilo, na mwanzoni sisi pia tulilipenda. Tukilichunguza kwa makini tunakuta kizuizi kilichomo ndani ya sarufi yetu yenyewe.

Amri za kompyuta kwa kawaida huja mbili mbili, moja ikitenda na nyingine ikitendua. Kiswahili huonyesha upinzani huo kwa kiambishi cha kutendua, ambacho hukaa karibu na mwisho wa kitenzi: funga na fungua, kunja na kunjua, ficha na fichua, bana na banua. Mwanzo wa maneno hayo ni mmoja. Kifaransa husema ouvrir na fermer, Kiingereza husema open na close, na herufi ya kwanza inatosha kuyatenganisha. Kwetu, F itamtaka mtumiaji achague kati ya kufungua kazi yake na kuifunga, na hilo si kosa dogo. Tukitumia majina badala ya amri, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa kukata, kunakili na kubandika yote huanza kwa K ya kiambishi ngeli. Desturi ya kuchukua herufi ya kwanza inazifaa lugha ambazo hutofautisha maneno mwanzoni. Kiswahili hutofautisha mengi mwishoni.

Hii haimaanishi kwamba Kiswahili hakifai. Inamaanisha kwamba anayetaka kukiundia njia za mkato asiige kanuni ya Kiingereza. Achukue herufi inayobeba tofauti ya maana. Kanuni za IBM zenyewe ziliruhusu herufi yoyote ndani ya neno la menyu ipigiwe mstari na kuitwa kwa Alt, si lazima ya kwanza. Mfasiri anayejua sarufi angeweza kuiteua U kwa fungua, kwa kuwa ndiyo alama ya kutendua. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na fundi wa kompyuta peke yake.

Kuna upande mwingine ambapo haja yetu ni ya dharura zaidi. Katiba ya mwaka 2006 inazitaja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Kiswahili kinaandikika kwa herufi za kawaida, na hata ng' ya ng'ombe haitusumbui, kwa sababu kwenye AZERTY kibainishi hupatikana kwenye kitufe cha 4 bila kushikilia Shift. Lakini mwanafunzi anayelinganisha Kiswahili na Kilingala anahitaji ɛ na ɔ, na anayefanya uchunguzi wa toni anahitaji alama juu ya irabu. Tumewaona wanafunzi wakiandika e na o kisha wakijaza alama kwa kalamu baada ya kuchapa, na wengine wakiacha kabisa, hivyo data za mwaka mzima zikawa hazina thamani. Kwa mtu kama huyo, kuipa ɛ vitufe vyake katika Word ni kazi ya dakika moja: hufungua orodha ya alama, huiteua herufi, hubonyeza penye kitufe cha njia ya mkato, kisha hubonyeza vitufe anavyovitaka.

Hata hapo ni lazima kutahadhari. Watu wengi huteua Ctrl, Alt na E kwa ajili ya ɛ. Katika Windows, kitufe cha AltGr, ambacho mtumiaji wa AZERTY anakihitaji ili kupata mabano ya mraba na alama nyingine, huhesabiwa kuwa sawa na Ctrl pamoja na Alt. Kwa kuwa AltGr na E ndiyo alama ya yuro, aliyeteua hivyo atakuja kuandika bei ya kitabu siku moja na kukuta ɛ badala ya yuro. Ni afadhali kutumia mfuatano wa hatua mbili, ambao Word huukubali: kwanza mchanganyiko mmoja usiotumika, kisha herufi. Mchanganyiko ule ule wa kwanza ukifuatwa na E hutoa ɛ, ukifuatwa na O hutoa ɔ. Msomaji atatambua kwamba huo ndio ule mpango wa Control na C wa Emacs: mlango mmoja, na nyuma yake kiwanja chako.

Jambo la pili la kutahadhari ni kwamba njia hizi huhifadhiwa katika kiolezo cha mtumiaji kiitwacho Normal, ndani ya kompyuta moja. Atakayehamia kompyuta ya maktaba hatazikuta. Na watafiti watatu wa mradi mmoja, kila mmoja akijitungia zake, watarudi katika hali ya maabara ile ya kabla ya mwaka 1976.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba herufi za njia za mkato zilitokana na vyanzo vitatu: hesabu ya mashine za waya, mahali pa vidole kwenye kibodi ya Marekani, na maneno ya lugha moja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotutazama. Tumeona pia kwamba uhuru wa kubadilisha ulitangulia usanifishaji wa wauzaji, na kwamba walioufaidi uhuru huo ndio waliogundua kwanza hasara yake.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, zile njia chache ambazo ulimwengu mzima unazitumia, yaani Z, X, C na V, tuziache zilivyo, hata kama AZERTY imezitawanya. Hiyo ndiyo barabara ya wote, na mwanafunzi wetu atakayeketi mbele ya kompyuta ya Kampala au Brussels ataihitaji. Pili, kila idara ya lugha iwe na mkusanyo mmoja wa njia za mkato kwa herufi na alama za lugha zetu, ulioandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, na kiolezo chake kinakiliwe katika kila kompyuta ya idara. Tatu, kila mtu awe na kiwanja chake ambacho hatawalazimisha wenzake kukifuata.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Kidole kilichozoea hakiulizi tena kwa nini kinakwenda mahali fulani. Kazi ya chuo ni kukiuliza kwa niaba yake, kabla hatujawafundisha wanafunzi wetu mazoea ambayo hatukuyachagua.